Redio ya Gari Kuukuu Ianze na Waya na Spika, Skrini Ifuate

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea katika barabara za Tanzania na Kenya yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, yakatumika huko kwa miaka kadhaa, kisha yakavushwa bahari hadi Dar es Salaam na Mombasa yakiwa bado na viti vyake vya asili, vibandiko vyake vya Kijapani na redio iliyofungwa kiwandani. Injini, breki na taa za gari la namna hiyo hufanya kazi katika nchi hizi mbili bila kubadilishwa, lakini redio yake haina uhuru huo, kwa sababu redio hutegemea makubaliano ya nchi kuhusu matumizi ya mawimbi, na makubaliano ya Japani si ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana kubadilisha redio ni miongoni mwa kazi za mwanzo anazozitafuta mmiliki wa gari la mtumba, na ndiyo maana suala hili linastahili kufikiriwa kwa uzito kuliko linavyofikiriwa sasa. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba wanunuzi wengi huanzia mwisho: huchagua skrini kwanza na kuziacha spika, nyaya na kazi ya fundi zigawane fedha zilizosalia, ilhali kwa gari lililozeeka mpangilio unaofaa ni kinyume chake.

Chanzo cha tatizo ni masafa. Utangazaji wa FM, yaani mfumo unaobeba sauti kwa kubadilisha kasi ya mtetemo wa wimbi badala ya kubadilisha nguvu yake, hufanyika barani Afrika na Ulaya kati ya megahezi 87.5 na 108, megahezi moja ikiwa ni mitetemo milioni 1 kwa sekunde, na mgawanyo huo ulipangwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Geneva mwaka 1984 chini ya Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU. Japani ilishika njia yake yenyewe: kwa miongo mingi FM ya huko ilikaa kati ya megahezi 76 na 90, na eneo la juu ya 90 likatumiwa na chaneli za mwanzo za televisheni ya analojia. Televisheni hiyo ilipozimwa katika sehemu kubwa ya nchi mwaka 2011, nafasi ikabaki wazi, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014 vituo vya AM vya Japani vilianza kurusha matangazo yao pia kwa FM hadi megahezi 95. Kwa sababu hiyo redio ya Kijapani ya zamani hukomea 90, na baadhi ya zile za miaka ya karibuni husogea hadi 95 tu, kiasi kwamba msikilizaji wa Nairobi mwenye redio ya namna hiyo anayetaka Capital FM katika 98.4 au Radio Citizen katika 106.7 hawezi kuvifikia vituo hivyo hata antena yake ikiwa nzima.

Dawa ya bei nafuu inayouzwa karibu katika kila duka la vifaa vya magari ni ekspanda, kifaa kidogo kinachounganishwa kati ya waya wa antena na redio ili kuyashusha mawimbi ya kituo kwa kiasi maalumu cha megahezi, redio ya Kijapani iweze kuyapokea kana kwamba ni ya kwao. Ekspanda yenye tofauti ya megahezi 18 huifanya 98.4 isomeke 80.4 na 106.7 isomeke 88.7, lakini huitupa Radio Taifa ya KBC, ambayo jijini Nairobi iko katika 92.9, hadi kwenye 74.9, chini ya mwanzo wa masafa ya Japani. Ikichaguliwa ekspanda yenye tofauti ya megahezi 14, Radio Taifa hurudi katika 78.9, lakini Radio Citizen huangukia 92.7, juu ya mwisho wa redio ya zamani. Sababu ni hesabu tupu: masafa ya Japani ya zamani yana upana wa megahezi 14, ya Afrika Mashariki yana upana wa megahezi 20.5, na kikubwa hakiingii ndani ya kidogo. Ekspanda inafaa kwa mtu mwenye vituo vichache avipendavyo na asiye na fedha kwa sasa, lakini haistahili kuitwa suluhisho, kwa kuwa humwachia msikilizaji namba za uongo kwenye kioo, huongeza mkwaruzo wa sauti, na humnyima baadhi ya vituo vya nchi yake.

Uziwi wa redio ya Kijapani hauishii kwenye FM. Magari ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mara nyingi huja na tundu la MiniDisc, santuri ndogo iliyoletwa na Sony mwaka 1992, ambayo haikupata kuenea katika maduka ya ukanda huu. Televisheni iliyomo ndani ya redio zenye ramani hupokea mfumo wa dijitali wa Japani uitwao ISDB-T, ilhali Tanzania na Kenya zilichagua mifumo ya familia ya DVB, kwa hiyo skrini hiyo haitaonyesha chaneli yoyote ya hapa. Ramani zenyewe ni za Japani, na redio nyingi za Toyota zilizotengenezwa baada ya mwaka 2010 huhifadhi programu yake kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Kadi hiyo ikipotea njiani, au betri ikifunguliwa wakati wa matengenezo, redio hujifunga na kudai kadi sahihi au namba ya siri kwa maandishi ambayo mmiliki mpya hawezi kuyasoma. Mnunuzi wa gari anayetaka kuitumia redio ya asili kwa muda ana wajibu wa kuhakikisha kadi ipo kabla ya kupokea funguo, na muuzaji mwaminifu ana wajibu wa kumweleza mapema.

Inapoamuliwa kwamba redio ibadilishwe, uchunguzi wa kwanza uwe wa gari, na wa pili ndio uwe wa duka. Umri una maana kubwa hapa. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyopita umri fulani. Hata hivyo gari lililoingia likiwa na miaka 7 na kutumika hapa kwa miaka 10 zaidi lina nyaya, soketi na spika zenye miaka 17, zilizopitia baridi ya Japani, joto la pwani, vumbi la barabara za ndani na mikono ya mafundi kadhaa. Swali la msingi kwa gari la umri huo ni kama mfumo wake wa umeme unaweza kuihudumia redio mpya kwa usalama, na uzuri wa redio yenyewe ni swali la baadaye.

Kipimo cha kwanza ni volti. Magari madogo karibu yote hutumia umeme wa volti 12, lakini malori na mabasi mengi, pamoja na baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani zilizotengenezewa Japani, hutumia volti 24, na redio ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja kwenye umeme huo huungua, isipokuwa itanguliwe na kipunguza volti chenye uwezo wa kutosha. Kipimo cha pili ni ukubwa wa nafasi katika dashibodi. Ukubwa wa kawaida wa redio za gari ulitokana na shirika la viwango la Ujerumani, DIN, ukathibitishwa kimataifa kwa kiwango cha ISO 7736 mwaka 1984: redio ya DIN moja ina upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50, na ya DIN mbili ina kimo maradufu. Toyota, ambayo ndiyo chapa iliyotawala barabara za ukanda huu, hutumia uso wenye upana wa milimita 200, na kwa hiyo redio ya DIN mbili ya kawaida huacha pengo la milimita 10 kila upande linalohitaji fremu ya kuziba. Anayenunua redio bila kupima nafasi hiyo, pamoja na kina chake nyuma ya dashibodi, humlazimisha fundi kukata plastiki ambayo haitarudi tena.

Kipimo cha tatu, ambacho ndicho hupuuzwa zaidi, ni soketi. Toyota nyingi za zamani zina soketi mbili nyuma ya redio, moja ya pini 10 inayobeba umeme na spika za mbele, nyingine ya pini 6 inayobeba spika za nyuma, na zipo soketi za kuunganishia zinazochomekwa hapo bila kukata chochote. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya redio, lakini katika gereji nyingi fundi huikata soketi ya asili, huzimenya nyaya kwa kisu na kuzisokota kwa mkono, kisha huzifunga kwa utepe ambao gundi yake huyeyuka kwa joto. Waya mtupu unaogusa bati la gari hukata fyuzi siku njema, na siku mbaya huanzisha moto. Gari lililokatwa soketi pia hupoteza njia ya kurudi nyuma, kwa sababu kila redio itakayofuata italazimika kufungwa kwa kubahatisha rangi, na fundi wa pili hana uhakika kama wa kwanza alifuata utaratibu.

Rangi zenyewe zina maana ambayo kila mmiliki anaweza kujifunza kwa dakika chache. Katika redio nyingi zinazouzwa kivyake, waya wa njano hupokea umeme wa betri wakati wote ili redio ikumbuke saa na vituo, mwekundu hupokea umeme pale tu ufunguo unapozungushwa, mweusi ni wa kwenye bati, na wa buluu huwasha antena au amplifaya. Ukipishanisha njano na nyekundu, redio husahau kila kitu gari linapozimwa. Ukiziunganisha zote mbili kwenye umeme wa kudumu, redio hubaki macho usiku kucha. Gari lililolala linatakiwa kunywa umeme usiozidi miliampia 50 hivi. Redio isiyolala ikinywa miliampia 500, betri ya ampia-saa 45 hufikia nusu ndani ya siku 2 na kwisha ndani ya siku 4, na betri kuukuu haifiki hata hapo. Wamiliki wengi hubadilisha betri mara kwa mara wakiamini kwamba wameuziwa mbovu, ilhali mwizi wa umeme wao amekaa ndani ya dashibodi.

Baada ya nyaya huja spika, na hapa ndipo fedha zinazofuata zinapopaswa kwenda. Spika ni kifaa cha kimakanika: koni, ambayo mara nyingi ni ya karatasi katika magari ya bei ya kawaida, husukumwa mbele na nyuma na koili iliyo ndani ya sumaku, na pembeni hushikiliwa na ukingo laini wa povu, kitambaa au mpira. Karatasi hukauka na kupasuka, povu huoza kwa unyevunyevu na joto, na spika iliyofikia hali hiyo hukoroma kila besi inapogonga. Hakuna redio, ya bei yoyote ile, inayoweza kuponya koni iliyopasuka. Redio yenye nguvu zaidi huharakisha tu kifo chake. Kinyume chake, jozi ya spika mpya za mlango wa mbele, hata zikiendeshwa na redio ya wastani, huleta mabadiliko ambayo sikio lisilo na mafunzo hutambua mara moja: maneno ya mtangazaji husikika wazi, gitaa la solo hutengana na la kati, na besi huacha kuwa kishindo kisicho na noti. Spika za mbele zinatangulia zile za nyuma kwa umuhimu kwa sababu dereva hukaa mbele, na muziki hurekodiwa kwa matarajio kwamba utasikika kutoka mbele ya msikilizaji.

Katika kuchagua spika, namba yenye faida kuliko wati ni unyeti, yaani ukali wa sauti inayotolewa na spika ikipewa wati 1 na kupimwa kwa umbali wa mita 1, ambao huandikwa kwa desibeli. Desibeli 3 zaidi ni sawa na kuongeza nguvu ya umeme maradufu. Kwa hiyo spika yenye unyeti wa desibeli 92 ikipewa wati 10 husikika kwa ukali ule ule wa spika ya desibeli 89 iliyopewa wati 20. Kwa mtu asiyekusudia kununua amplifaya ya pembeni, spika yenye unyeti mkubwa ni sawa na amplifaya ya bure. Aina nayo ina uzito wake: katika spika za koaksia tuita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, hukaa katikati ya koni kubwa, na ufungaji wake ni rahisi, ilhali katika seti za komponenti tuita hutenganishwa na kufungwa juu karibu na kioo, na sauti hupanda hadi usawa wa masikio, ila kazi ya fundi huongezeka. Kwa gari la kawaida la familia, koaksia bora kutoka kwa mtengenezaji anayeeleweka inatosha kabisa.

Wati ndiyo namba inayodanganya kuliko zote, na udanganyifu wake unaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Redio nyingi huandikwa wati 50 mara 4. Umeme wa gari injini ikiwa inawaka ni takribani volti 14.4, na spika ya kawaida ina ukinzani wa omu 4; volti 14.4 zikizidishwa kwa zenyewe na kugawanywa kwa 4 hutoa wati 51.8, na hapo ndipo ile 50 inapotoka. Lakini matokeo hayo hupatikana pale tu wimbi la sauti linapokuwa limekatwa kileleni hadi likawa mraba, yaani sauti ikiwa imeharibika kabisa. Kwa wimbi safi, kikomo ni nusu yake, kama wati 26, na kwa kuwa sehemu ya volti hupotea ndani ya redio yenyewe, kinachofika kwenye spika kwa kudumu huwa karibu na wati 20. Namba ya kweli huandikwa RMS, maana yake nguvu endelevu, na kiwango cha Marekani kiitwacho CTA-2006 huitaka ipimwe kwa volti 14.4, omu 4 na upotoshaji usiozidi asilimia 1. Mamlaka za viwango za ukanda huu, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, zingewatendea haki wanunuzi kama zingedai kwamba namba hiyo ndiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwenye maboksi, na ile ya kuvutia macho iondolewe.

Spika nzuri nayo haifanyi kazi peke yake, kwa kuwa mlango ndio sanduku lake. Mlango wa gari kuukuu una bati jembamba lenye matundu, vishikizo vilivyolegea na karatasi ya nailoni ya kuzuia maji iliyochanika, na kila besi inapogonga bati hilo hutetemeka na kuongeza sauti yake yenyewe juu ya muziki. Karatasi nzito za lami zenye foili, zinazobandikwa ndani ya bati, pamoja na pete ya mbao au plastiki inayoishikilia spika bila mwanya, hubadilisha sauti kwa gharama ndogo, mradi matundu ya chini ya mlango ya kutolea maji ya mvua yasizibwe, maana maji yakikwama huozesha bati.

Ni baada ya hayo yote ndipo redio yenyewe inapostahili kuzungumzwa. Sifa za lazima ni chache: ishike FM yote kuanzia 87.5 hadi 108, iwe na Bluetooth, ambayo huunganisha simu na redio kwa mawimbi ya karibu bila waya, iwe na tundu la USB, na iwe na matundu ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya iwapo mmiliki ataihitaji baadaye. Redio zilizopitia Dubai au Marekani zikaguliwe mpangilio wa eneo, kwa sababu Marekani hugawa vituo kwa hatua za kilohezi 200 zinazoishia kwenye desimali witiri. Redio iliyoachwa katika mpangilio huo huruka kutoka 98.3 hadi 98.5, na 98.4 haipo kwake kabisa. Redio ya DIN moja yenye sifa hizo, kutoka kwa kampuni yenye jina la kulinda kama Pioneer, Sony, Kenwood au JVC, haina mvuto wa macho, lakini hupokea mawimbi vizuri na huwaka mara tu ufunguo unapozungushwa.

Kinachouzwa kwa nguvu zaidi leo ni redio ya Android, yaani redio yenye skrini pana inayoendeshwa na mfumo ule ule wa simu nyingi za mkononi. Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na skrini ya bei ya chini hujitembeza kwa rangi zake. Ndani yake mara nyingi mna kipokeaji dhaifu cha FM, kumbukumbu ndogo inayoifanya izubae kila programu ya pili inapofunguliwa, na maelezo yasiyoaminika, kwa kuwa kiasi cha kumbukumbu kinachosomwa kwenye kioo ni maandishi ya programu tu ambayo muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuyabadilisha. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kufikia nyuzi joto 70 za Selsiasi, na vioo vya bei nafuu hupata madoa na kuacha kusikia vidole kwa joto hilo. Zaidi ya yote, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kwa sekunde moja, na dereva anayeitazama skrini kwa sekunde 2 amekwenda mita 44 bila kuona barabara. Kitufe cha kuzungusha sauti hutafutwa kwa kidole, macho yakibaki mbele. Picha ya kitufe kwenye kioo haitafutiki hivyo. Kwa sababu hiyo, waya unaozuia video hadi breki ya mkono ivutwe haukuwekwa kwa bahati mbaya, na fundi anayeuunganisha kwenye bati ili video iendelee kuonyeshwa gari likienda anashiriki katika hatari ambayo abiria hawakuichagua.

Haki inadai upande wa pili nao usikilizwe. Skrini iliyounganishwa na kamera ya nyuma humwezesha dereva kumwona mtoto anayecheza nyuma ya gari katika uwanja wa nyumba, jambo ambalo vioo vya pembeni haviwezi, na mifumo ya Apple CarPlay na Android Auto, inayoleta ramani na simu kwenye skrini kwa vitufe vikubwa na amri za sauti, ni salama kuliko simu iliyoshikwa mkononi. Kwa hiyo anayehitaji skrini hakosei kuinunua. Anakosea anapoinunua badala ya spika, au anapochagua skrini kubwa ya kampuni isiyojulikana kwa bei ambayo ingempatia skrini ndogo yenye kipokeaji kizuri na udhamini wa kweli.

Amplifaya kubwa na sabufa, yaani spika ya besi nzito inayokaa buti, zinahitaji tahadhari ya namna nyingine. Amplifaya ya muundo wa zamani inayotoa wati 500 za kudumu hutumia karibu mara mbili ya nguvu hiyo, sawa na ampia 70 hivi, ilhali altaneta ya gari dogo la zamani, yaani jenereta yake ya kuchaji betri, mara nyingi hutoa ampia kati ya 60 na 100 kwa ajili ya taa, feni, injini na kila kitu kingine. Anayetaka besi achague amplifaya ndogo ya daraja D, isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, atumie waya mnene wa shaba, na aweke fyuzi ndani ya nusu mita kutoka kwenye betri, kwa sababu waya usio na fyuzi unaopita chini ya zulia ni hatari iliyofichwa. Masikio nayo yana mipaka: Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na ya desibeli 90 isizidi saa 4 kwa wiki, na dereva wa matatu au daladala anayepiga muziki kwa ukali huo hutimiza saa hizo 4 kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza.

Yapo pia magari ambayo ukuukuu wake ndio thamani yake, kama Peugeot 504 na Mercedes-Benz za miaka ya 1970 ambazo bado hutunzwa kwa mapenzi na familia zilizozirithi. Dashibodi ya gari la namna hiyo isikatwe hata kidogo. Redio ya DIN moja yenye sura tulivu, au kipokezi kidogo cha Bluetooth kilichofichwa ndani ya kisanduku cha mbele na kuunganishwa na amplifaya ndogo chini ya kiti, huleta muziki wa leo bila kuvunja kazi ya waliolitengeneza, na redio ya asili ihifadhiwe hata kama imenyamaza.

Uamuzi wa mwisho, hata hivyo, hushikwa na fundi. Tangu ndugu wawili Paul na Joseph Galvin walipoanza kuuza redio ya gari kwa jina la Motorola nchini Marekani mwaka 1930, kifaa hiki kimekuwa kikiongezwa ndani ya gari na mikono ya mtu, na ubora wake haujawahi kuzidi ubora wa mikono hiyo. Umeme wa magari ni taaluma inayofundishwa, nchini Tanzania kupitia vyuo vya VETA, na fundi aliyesoma hutambulika kwa mambo machache: hupima kwa mita kabla ya kukata, huomba soketi ya kuunganishia, huzibana au kuzichomelea nyaya na kuzifunika kwa mpira wa joto, huziacha soketi za njano za mifuko ya hewa bila kuzigusa, na hupima umeme unaonywewa gari likiwa limezimwa kabla ya kurudisha ufunguo. Malipo ya fundi huyo huonekana makubwa kwa sababu jamii imezoea kuhesabu kifaa kuwa mali na kazi kuwa nyongeza, mazoea ambayo yameteketeza nyaya nyingi na kuwafukuza vijana hodari kutoka kwenye ufundi wao.

Mnunuzi anayekwenda Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi mwishoni mwa wiki hii na aende akijua volti za gari lake, vipimo vya nafasi ya dashibodi na aina ya soketi zilizo nyuma yake. Aulize RMS, asikubali kujibiwa kwa wati za kwenye boksi. Akabidhiwapo gari, ajaribu kituo cha chini kabisa na cha juu kabisa cha mji wake, azime injini, arudi baada ya saa moja kuona kama redio imekumbuka vituo. Na fedha zake zifuate mpangilio huu: kwanza nyaya na fundi, pili spika za mbele, tatu redio inayoshika vituo vyote vya nchi yake. Zitakazobaki ndizo za skrini.